Besi Ije Mdomoni

Jumamosi moja ya Desemba nilitema damu kwenye harusi ya watu. Bibi harusi hakuona, bwana harusi hakuona, na mpiga video alikuwa na shida zake nyingine huko juu ya bodaboda. Sisi matarumbeta tulikuwa nyuma ya pikapu kama kawaida, tumeipa barabara mgongo, nyuso zetu kwenye gari la maharusi linalotufuata na maua yake. Foleni ya Sam Nujoma ilikuwa imekaza. Dereva akaona isiwe tabu, akakatisha mitaa ya Sinza. Mitaa ya Sinza ina matuta.

Sasa fikiria umesimama kwenye pikapu inayokwenda, susafoni, ile besi kubwa ya kupuliza, imekuzunguka kiwiliwili kama chatu aliyeshiba, uzito wote umelalia bega la kushoto, mkono wa kulia uko kwenye pistoni, na mbele ya uso wako kuna kikombe cha chuma ambacho wewe mwenyewe umekigandamiza mdomoni. Tuta la kwanza tulilipita salama. La pili dereva hakuliona. Pikapu ikaruka, besi ikaruka, mimi nikachelewa kidogo kuruka. Mdomo wa juu ukabaki katikati ya meno na chuma.

Ile harusi niliimaliza, maana besi ikinyamaza kwenye matarumbeta hata mtoto wa miaka mitatu anajua kuna kitu kimeharibika. Lakini tuta nalisingizia tu. Mdomo ule ulikuwa umevimba tangu Alhamisi. Ulikuwa unavimba kila wiki kwa karibu miaka minne, na mimi nilikuwa naonea fahari. Nilipoingia kwenye bendi niliambiwa mdomo wa mpuliza besi lazima uote sugu, nami nikawa naisubiri sugu yangu kama mtu anayesubiri ndevu.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye mausipisi, kile kikombe cha chuma cha mdomoni. Najua wapo watakaosema kipulizio, na ni neno zuri tu, ila kwenye kundi letu tunasema mausipisi, nami nitaandika hivyo. Susafoni yetu ilinunuliwa mtumba bila mausipisi. Kiongozi wetu akazunguka huku na kule hadi akaipata moja iliyotoka kwenye tuba ya Kijerumani (tuba ni ndugu yake susafoni), ya bendi ya kanisa iliyokuwa imekufa siku nyingi. Alipoileta tulishangilia. Haikuingia. Susafoni ile ni ya muundo wa Kimarekani, na mikia ya mausipisi za tuba, ile sehemu inayoingia kwenye bomba, haifanani: ya Ulaya mara nyingi ni minene kuliko ya Kimarekani. Ilikuwa inagota nje nje, inachezacheza. Mmoja wetu mwenye mikono myepesi akaichukua, akaipiga msasa mpaka ikaingia. Iliingia upande. Tangu siku hiyo mausipisi yetu ilikuwa imeinama kidogo kulia, kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani.

Halafu ukingo. Hapo ndipo mdomo unapokaa, na hapo ndipo mausipisi yoyote inapoonyesha tabia yake. Ya kwetu ilikuwa imechujuka fedha yote upande wa juu, shaba imetokeza, ina harufu ya sarafu ya zamani. Nilipokuwa nikitoka vipele vidogo kuzunguka mdomo nilidhani ni joto la Dar. Sasa najua kwamba shaba iliyo uchi, ikikaa mdomoni saa nyingi na jasho, huwasha ngozi za watu wengi, ndiyo maana viwanda huipaka fedha au dhahabu tangu mwanzo. Mausipisi iliyochujuka ukingoni ipakwe upya au istaafu. Mimi nilikuwa naipaka mafuta ya mgando.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mstaafu, aliyepuliza miaka mingi kwenye bendi ya jeshi. Alikuja kututengenezea tromboni iliyokwama, wala hakuja kwa ajili yangu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanitazama mdomo kama fundi anavyotazama tairi lililoisha upande mmoja.

“Huo mdomo umefanya nini, kijana?”

“Kazi tu, Mzee. Wikiendi tulikuwa na harusi mbili.”

“Mbili ndiyo zikufanye hivyo? Hebu vaa hiyo besi. Usipulize. Vaa tu.”

Nikavaa.

“Funga macho. Simama kama uko msibani, mabega yaachie. Tazama mbele.”

“Mzee, nimefunga macho.”

“Hata kama. Tazama mbele. Haya, sasa fungua.”

Nilipofungua, mausipisi ilikuwa chini ya mdomo wangu kama vidole viwili, tena imekwenda kulia. Miaka yote nilikuwa nakunja shingo na kusogeza taya kuifuata, kila noti, kila harusi. Yule mzee hakucheka. Alishika shingo ya susafoni, akalegeza vile vipande viwili vifupi vilivyopinda ambavyo hukaa kati ya shingo na mausipisi. Sisi tulikuwa tunaviita viwiko, tukidhani kazi yake ni kurefusha bomba tu. Akakizungusha kimoja juu, kingine ndani, akarudisha, akazungusha tena. Ilimchukua kama dakika tano. Alipomaliza, mausipisi ilinijia mdomoni yenyewe, nikiwa nimesimama wima na macho yanatazama mti wa mwembe mbele yangu.

“Besi ije mdomoni,” alisema. “Wewe usiifuate.”

Nimekuja kusikia ushauri mwingi tangu wakati huo, na mwingine umetoka kwa watu wenye vyeti, lakini sijasikia uliozidi huo. Ukikaa umekunja shingo, ukingo haukai sawa: upande mmoja unachoma, mwingine unavujisha hewa. Ili kuziba uvujaji unakandamiza. Ukikandamiza, damu haipiti vizuri kwenye nyama ya mdomo, mdomo unachoka, na ukichoka noti hazitoki, kwa hiyo unakandamiza zaidi. Na vile viwiko vina hila zake. Ukiondoa kimoja ili shingo isogee karibu, bomba linakuwa fupi na sauti inapanda, utagombana na tromboni mpaka jioni. Kwenye pikapu navyo hulegea kwa mtikisiko, hivyo kabla ya kuondoka navipindua kidogo kwa nguvu ya mkono mpaka vishike. Kwa mkono tu. Kuna mtu aliwahi kushika shingo yetu kwa koleo, na alama zake zipo hadi leo.

Wasiojua chombo hiki niwaeleze kidogo. Susafoni imepewa jina la John Philip Sousa, kiongozi wa bendi wa Kimarekani aliyezaliwa 1854 na kufariki 1932. Alitaka tuba itakayobebeka kwa mtu anayetembea, sauti yake imwagike juu ya bendi nzima. J. W. Pepper wa Philadelphia aliiunda ya kwanza mwaka 1893, na C. G. Conn wa Elkhart akatoa yake 1898. Zile za mwanzo mdomo wake mpana ulitazama mbinguni, hata wenyewe wakazitania kuwa za kukinga mvua. Ukinyoosha bomba lake lote unapata kama mita tano na nusu. Huko New Orleans vijana waliitoa kwenye gwaride wakaipeleka mtaani, kwenye misiba na sherehe, na Dirty Dozen Brass Band waliotokea miaka ya 1970 wakaonyesha kwamba besi hii inaweza kukimbia kama gitaa. Nasi hatukuanza jana. Pwani yetu ilikuwa na beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, tangu mwishoni mwa karne ya 19, Lamu na Mombasa, baadaye Tanga na Dar, makundi ya Marini wakishindana na Arinoti, na Zanzibar beni ya harusi ingalipo. Kwa hiyo mtu akikwambia matarumbeta ni mambo ya kuiga juzijuzi, mwache amalize, kisha mpe maji ya kunywa.

Turudi mdomoni. Mausipisi ya tuba ni kubwa: kikombe chake ndani kina kipenyo cha milimita 31 hadi 33 hivi, karibu mara mbili ya cha tarumbeta. Sababu iko kwenye mtetemo. Tunapokaa kwenye noti ya B-flat ya chini, ile ambayo ndiyo nyumbani kwetu, midomo inatetema kama mara 58 kwa sekunde. Mwenzangu wa tarumbeta akipiga B-flat yake ya katikati, midomo yake inatetema mara 466. Ya kwangu inakwenda taratibu lakini kwa mapana, kama pazia zito linalopigwa na upepo, na pazia linahitaji nafasi. Ukilibana kwa chuma halipepei tena.

Kutokana na hilo nikafanya kosa la pili. Nilifikiri kama nafasi ndiyo dawa, basi nitafute mausipisi kubwa kuliko zote. Wapuliza besi tuna ugonjwa huo. Tunaamini kikombe kikubwa ni sauti kubwa, na sauti kubwa ni uanaume. Mzee akanikusanyia tatu kwa marafiki zake, akazipanga juu ya kreti la soda: Bach 24AW, Bach 18 na Conn Helleberg. Ya kwanza kikombe chake ni milimita 31.25, ya pili 32.60, ya tatu iko karibu sana na hiyo ya pili. Tofauti ya ndogo na kubwa haifiki unene wa kijiti cha kiberiti. Lakini mdomo ni kiungo chenye wivu, hata unywele ukiingia unajua.

Hakuniruhusu kuzijaribu kwa fujo. Alisema mtu yeyote anaweza kupiga noti moja nzito kwenye mausipisi yoyote akaipenda, kama vile mtu anavyopenda kiatu akiwa amekaa dukani. Nilikwenda na kila moja wiki nzima, na sharti lilikuwa moja: nimletee habari za saa ya tatu ya harusi, siyo za dakika ya tano.

24AW ina ukingo mpana, na wiki yake niliona kama nimefika peponi. Haumi popote. Susafoni nyingi za wanafunzi huuzwa nayo, naelewa kwa nini. Ila Jumapili asubuhi niliamka mdomo umekufa ganzi. Ule upana ulikuwa unatawanya mgandamizo, kwa hiyo sikuusikia, na kwa kuwa sikuusikia niliendelea kuuongeza usiku kucha. Mto laini wa kulalia unaweza kukuvunja shingo na usiamke.

Helleberg ni kinyume chake. Jina ni la August Helleberg, aliyepuliza tuba kwenye bendi ya Sousa mwenyewe. Ukingo wake ni mwembamba na mkali kidogo, kikombe kirefu kama faneli. Sauti yake, nakiri, ni tamu kuliko zote tatu: nene, nyeusi, inakaa chini ya tarumbeta kama zulia. Lakini haisamehe. Ukikandamiza kidogo tu inakuchora duara usoni, na abiria wa daladala wanakuuliza umegombana na nani. Mzee aliniambia niende nayo mazoezini, nisiende nayo harusini, na bado nafanya hivyo. Nikianza kuzembea, inanishtaki ndani ya nusu saa.

Nilibaki na 18. Ukingo wake uko kati na kati, na kwa uso wangu, ambao nafasi kati ya pua na mdomo ni finyu, haunisukumi pua ninaposhuka chini. Hii haina maana kwamba na wewe uchukue 18. Jamaa yetu wa bendi ya jirani ana midomo minene na meno yaliyonyooka, yeye na Helleberg ni damudamu, anapiga nayo harusi tatu kwa wiki wala hana alama. Mimi ningekuwa hospitali. Nachosema ni kwamba usinunue kwa jina la mchezaji unayempenda, na usinunue kabla hujarekebisha shingo ya besi yako, maana utakuwa unaipima mausipisi kwa kosa lisilo lake.

Jambo la bega nitalipitisha haraka. Susafoni ya shaba ni mzigo wa kilo kumi na tano na zaidi, ya faibaglasi ni nyepesi. Bega likiuma mwili unainama, mwili ukiinama mausipisi inahama. Mimi nimekunja khanga ya mama mara nne nikaiweka chini ya bomba. Wenzangu wanatumia sponji ya godoro. Khanga inanyonya jasho.

Lililonisumbua zaidi ni sauti. Ukipuliza barabarani hujisikii. Mdomo mpana wa susafoni uko juu ya kichwa chako unatazama mbele, ngoma ziko mgongoni, honi za magari kila upande, na shangazi wa bwana harusi amekuja karibu anapiga vigelegele sikioni. Unadhani hutoshi, unaongeza nguvu, na nguvu yenyewe unaitafuta kwenye mkono wa kushoto unaovuta shingo kuelekea usoni. Mzee alinipiga marufuku kushika shingo kwa ngumi. Vidole viwili na dole gumba, basi. Mwezi wa kwanza nilijiona kama ninayeshika kikombe cha kahawa cha Kizaramo. Lakini vidole viwili haviwezi kuvuta, kwa hiyo nililazimika kutafuta sauti mahali pengine, nikaikuta kwenye pumzi.

Na hapo Mzee alikuwa na mtu wake wa mfano: Arnold Jacobs, mpuliza tuba wa Chicago Symphony Orchestra kuanzia 1944 hadi 1988. Jacobs alikuwa na pumu, na mapafu yake yalikuwa madogo kuliko ya wengi waliomzunguka, lakini alisifika dunia nzima. Alifundisha kwamba noti iimbwe kwanza kichwani, hewa iende bure, mdomo utafuata. Nilikuwa mbishi kwa hilo, nikidhani ni maneno ya wazungu wa ukumbini wenye viti vya sponji. Siku hizi kabla ya harusi nakaa pembeni na mausipisi peke yake, naimba noti, kisha naivumisha midomoni dakika chache, polepole, chini, kama nyuki aliyelewa tembo. Watoto wa mtaa wananicheka. Nikikaa wiki bila kufanya hivyo, saa ya pili naanza kuvuta shingo.

Tunapumzika pia, jambo ambalo zamani lilikuwa aibu. Tumekubaliana kwenye kundi kwamba kila baada ya nyimbo mbili au tatu ngoma zibaki zenyewe kidogo. Wageni hawalalamiki, wanapenda ngoma. Mwenye kuona hilo ni udhaifu akumbuke Louis Armstrong: mwishoni mwa 1934, akiwa Ulaya, midomo yake ilimgomea na ikabidi aweke tarumbeta chini kwa miezi. Kama maumivu yanakaa siku kadhaa baada ya kuacha kupuliza, au kona ya mdomo haiwezi tena kuzuia hewa, hiyo siyo ya kupaka mafuta, ni ya kwenda kwa daktari.

Na hatupokezani mausipisi tena. Tulikuwa tunapokezana kama kata ya maji, malengelenge ya mdomoni yakazunguka bendi nzima msimu mmoja wa sikukuu. Kila mtu na yake, maji ya vuguvugu, sabuni, brashi ya chupa ya mtoto.

Limebaki la jua na matuta. Saa nane mchana, chuma kilichokaa juani kwenye pikapu ukikiweka mdomoni unasikia kabisa kinachokaanga. Kaka yangu mmoja aliye Marekani aliniletea mausipisi ya plastiki, Kelly, ile ngumu inayotengenezwa kwa polikaboneti, umbo la 18 hiyo hiyo. Ya bluu inayong'aa. Siku ya kwanza walinicheka sana, wakaniuliza kama imekuja na kijiko na bakuli lake. Sauti yake imepungua kidogo uzito, sibishi, ndani ya ukumbi sitaitumia. Lakini haichomi, na ikigonga jino haigongi kama chuma. Kwa hiyo ya plastiki ni ya barabarani, ya fedha naivaa tukishashuka ukumbini.

Sisi wapulizaji tunatazama nyuma, kwa maharusi, hatuoni njia. Anayeona ni kijana wetu wa ngoma ndogo, anayesimama akiegemea bodi la dereva. Tukikatisha Sinza, akiona tuta anagonga ukingo wa ngoma mara mbili kwa fimbo, ta-ta, ndani ya mapigo kabisa, huwezi kujua kama si mwenyeji. Hapo natoa mdomo. Pikapu inapanda, inashuka, tromboni inanibebea noti mbili, narudi. Jumamosi iliyopita aligonga mara kumi na moja kati ya kanisani na ukumbini, na mpiga video aliyekuwa kwenye bodaboda akamwambia kwamba ule mlio wa ta-ta ni mtamu, aendelee kuupiga hata barabara ikiwa tambarare.